Jezi Moja ya Kipa

Wiki iliyopita nilikuwa zahanati moja karibu na Rangwe, nimempeleka mtoto chanjo, walipoingia wanafunzi wawili wa chuo: kipa wa timu yao, bega limevunjika mazoezini, na nahodha akimshikilia.

Muuguzi alichukua mkasi aikate jezi.

"Sista, usikate!" nahodha akasema. "Jezi ya kipa tuko nayo hiyo moja tu. Jumamosi tunacheza Migori. Bila hiyo refa hatatukubali, na msimu wetu umeisha."

"Kwani bega ni lako?"

Nahodha akamgeukia mwenzake. "Omera, ndugu yangu, inua mkono kidogo tu, tuivue."

Nilitarajia kipa amtukane. Badala yake alifumba macho, akauinua. Alipiga yowe hadi watoto wote kwenye benchi wakaanza kulia, wangu pia.

"Sasa umeliharibu kabisa," muuguzi akamwambia. "Mpira usahau."

Nahodha aliikunja jezi taratibu, kama nguo ya kanisani, akaondoka nayo. Hakugeuka nyuma.

Nasikia sasa chuo hicho kinatafuta kipa. Jezi wanayo, nzima, haina hata uzi uliokatika.