Supu Baridi ya Torakichi

Mara tatu mmeniandikia mkitaka habari za mume wangu, za kuweka kwenye kitabu cha mnara wenu wa kuwakumbuka mabaharia. Mimi shule niliacha darasa la pili, nikaenda kubeba mdogo wangu mgongoni. Mngejua kusikiliza nilipokuja kwa miguu yangu, nisingeshika kalamu.

Torakichi alikuwa mpishi. Alipikia manowari ya kubeba ndege, watu zaidi ya elfu, na kila alipokuja likizo hapa Saeki alinifukuza jikoni kwangu.

"Shigeno, biringanya hazikatwi hivyo."

"Basi kata mwenyewe!"

Alikata kama kipepeo aliyekunjua mabawa, alivyofundishwa na mama yake. Mimi sikuweza, wala sikutaka.

Akiwa baharini, mama yake alimwandalia kila asubuhi kana kwamba yupo: wali, achari, bakuli la supu lenye kifuniko. Baadaye hufunua. Kifuniko kikiwa na matone ya mvuke ndani, mwana yu hai. Kikiwa kikavu, amekufa. Nyumba nyingi zenye mtu vitani zilifanya hivyo. Ila mpishi nilikuwa mimi.

Juni ya 1942 redio ikatangaza kwamba tumewachakaza Wamarekani kule baharini, Midway. Barua za Torakichi zikakatika. Nikaenda kuuliza kwa wakubwa wa jeshi la maji. Ofisa akasema, "Mama, meli iko salama. Na usiulize tena."

Kama iko salama, kwa nini nisiulize?

Asubuhi moja ya Julai mkaa ukaisha. Nikamimina supu ya jana, baridi. Mama mkwe akafunua: kifuniko kikavu. Akakaa chini puu.

"Mwanangu amekwenda."

"Mama, supu ilikuwa baridi."

"Unanifariji tu."

"Sikufariji! Nakwambia mkaa umeisha!"

Akalala akiutazama ukuta. Siku nne hakutia kitu kinywani. Nikaazima mkaa, nikapika supu ya moto, kifuniko kikatiririka maji. Akasema nimekinyunyizia. Mtu mzima wa miaka sabini na moja anajiua kwa sababu ya mkaa!

Siku ya tano akapita Bi Iwase, muuza mboga, anafoka njia nzima. Alikuwa ametoka kambi ya ng'ambo ya mto, walikofungiwa mabaharia wasioruhusiwa kuonana na mtu.

"Mpishi wao kanirudishia kapu zima la biringanya! Eti zimechumwa jua limeshatoka, ngozi ngumu. Shingo yake yote imeungua moto, lakini mdomo mzima!"

"Huyo mume wangu," nikamwambia.

Nikajaza supu bakuli lile lile, nikalifunga kwa kitambaa, nikatembea saa nzima. Nikamkuta nyuma ya ua wa waya anasugua masufuria. Akamtazama mlinzi kwanza, kisha akasogea. Nikapitisha bakuli chini ya waya. Akanywa lote.

"Imepoa. Na chumvi umebana."

"Meli iko wapi?"

"Imezama. Zote nne za kubeba ndege zimezama. Tumekatazwa kusema. Nenda, hujaniona."

"Mama yako hali chakula. Kifuniko kilikuwa kikavu."

Akaguna, akaingia jikoni na bakuli, akalirudisha limefunikwa. "Mpe yeye. Usilifungue njiani."

Nililifungua njiani. Ilikuwa achari ya biringanya, imekatwa kama kipepeo.

Mama mkwe aliitazama ilivyokatwa. Kisha akala yote, akalamba na vidole.

"Wewe hujawahi kuweza kukata hivi," akasema. Hayo ndiyo niliyopata badala ya asante.

Mwezi uliofuata mabaharia wa kambi ile wakapakiwa melini kwenda kusini bila kuaga. Torakichi alikufa kwa homa kisiwani huko, Novemba ya mwaka wa pili yake. Karatasi ya kifo chake ninayo.

Sasa jiwe la mnara wenu linasema alikufa Juni, pamoja na meli. Nilipokuja, mkanijibu orodha ya jeshi ndiyo hiyo. Orodha ilimpikia nani supu? Julai yote alikuwa hai, analalamikia chumvi yangu.

Basi chukueni patasi. Futeni hiyo Juni, muandike Novemba, kisha mje mnichukue nikaone kwa macho yangu. Na msinitumie barua nyingine kabla ya hapo.