Dai la Nne

Loretta Pruszynski alifanya kazi ya kuzunguka mashambani nje ya mji wa Saginaw, nyumba hadi nyumba, akiwaosha wazee wasiojiweza na kuwafunga vidonda. Bila gari hakuwa na kazi. Ndiyo maana maneno ya Vernon, wakala wake wa bima, yalimnyima raha majira yote ya baridi.

"Dada, umedai mara tatu ndani ya miaka miwili," Vernon alimwambia. "Kioo, yule kulungu uliyemgonga, na ile nguzo ya dukani. Ada imeshapanda mara mbili. Ukidai tena kabla bima haijahuishwa Juni, kampuni inakutema."

"Kulungu naye ni kosa langu? Nilimwita mimi?"

"Wao hawaulizi nani kamwita. Wanahesabu tu."

Asubuhi moja ya Februari, barabara ikiwa barafu tupu, Loretta alikata kona kuingia kwa mzee Harlan Ostrander. Akakanyaga breki. Gari likateleza, likajiendea lenyewe, likabamiza pikapu ya mzee iliyoegeshwa uani. Taa ya nyuma ikapasuka, bodi ikabonyea.

Hakuna aliyeona. Alitia gia ya kurudi nyuma ili atoroke, kisha akazima injini akaingia ndani.

Alipoanza kumfunga mzee kidonda, bandeji ilimponyoka mara mbili.

"Vipi leo, mama? Umefukuzwa na mbwa?" mzee akauliza.

"Mzee, nimeligonga gari lako. Likifika bimani, nimekwisha. Nitakosa bima, nikose na kazi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Pikapu ile? Tangu macho yanigomee haijatoka hapo. Sitaki kusumbuana na kampuni yoyote ya bima. Wewe funga kidonda taratibu, unaniumiza!"

Lakini hofu haikumtoka. Mzee alikuwa na binti, Beth, mwanamke asiyeachia jambo, aliyekuja kila Jumapili. Majuma mawili Loretta alishtuka kila simu ilipolia. Hatimaye Beth akapiga kweli.

"Loretta, ni kuhusu pikapu ya baba."

"Ndiyo?"

"Tunaiuza kama chuma chakavu. Humjui mtu anayetaka magurudumu?"

Loretta alikaa chini palepale jikoni, akalia.

Juni ilipofika, Vernon alimsukumia karatasi mezani. "Kuna lolote jipya tangu mwaka jana?"

"Hakuna," alijibu, huku masikio yakimwaka moto.

"Basi wamekubakiza. Ila bima kubwa wameiondoa. Ukimgonga mtu, watamlipa yeye. Gari lako likiumia, shauri yako."

"Na ada?"

"Imepanda, dada."

Alitia sahihi haraka, kabla Vernon hajauliza la pili. Siku hiyo aliendesha polepole mno kwenda kwa wagonjwa wake, mikono imeung'ang'ania usukani, magari ya nyuma yakimpigia honi na kumtukana.