Sindano Saba Kwenye Taya

Chunusi yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya ulezi. Niliitoboa kwa sindano ya kushonea, mbele ya kioo cha kibanda chetu cha cherehani pale Majengo, kwa sababu Jumamosi yake nilikuwa msimamizi wa bibi harusi. Ikatunga usaha, ikakauka, nikaisahau. Miezi mitatu baadaye, pale pale tayani, paliota kinundu kigumu, chenye kung'aa, kinachowasha kila nikitoka jasho.

Mama alipokuja kutoka kijijini Kasense alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa mlangoni.

"Bibi yako alikuwa na kovu kama hili begani," alisema. "Akalikata kwa wembe. Likarudi kubwa mara mbili."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Mimi sijui. Ila usilikate."

Fundi mwenzangu aliniletea kikopo cha krimu kisicho na maandishi. Nilipaka siku nne. Ngozi ikaungua, ikabanduka, na kuzunguka kinundu pakawa peusi kama chungu. Siku ya tano niliitupa chooni, nikalia, kisha kesho yake nikaenda hospitali.

"Nani alikutoboa?" daktari aliuliza.

"Mwenyewe."

Hakucheka. Alinieleza kwamba lile ni kovu lililokosa breki, na kwamba kuna ngozi, kama ya ukoo wetu, zenye tabia hiyo. Angenidunga dawa ndani ya kovu kila mwezi, kwa miezi kadhaa. Weusi ungepungua taratibu nikijikinga na jua. Na chunusi nyingine yoyote nisiiguse.

"Litaisha?"

"Litalala. Kuisha kabisa sikuahidi. Na ukikatisha njiani, linaweza kuinuka tena."

Sindano ya kwanza sitaisahau. Kovu lilikuwa gumu, dawa inakataa kuingia, nami nimekamata ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. "Pole, dada, vuta pumzi," nesi alinibembeleza. Mwezi wa pili nilikwenda kwenye mvua, viatu mkononi. Wa tatu nilikwenda ingawa sikuona badiliko lolote.

"Achana nalo," fundi mwenzangu alinishauri. "Kwani linakuzuia kula?"

"Linanizuia kulalia upande huu," nilimjibu. "Nitakwenda."

Baada ya sindano ya nne niliamka asubuhi nikalipapasa, likabonyea. Nilikaa kitandani nikilibonyeza tena na tena, siamini.

Wakati wa kuvuna ulezi nilikwenda kumsaidia mama nikiwa nimevaa kofia pana ya marehemu baba. Wanawake wa shamba la jirani walinishangilia: "Bibi shamba amekuja kutukagua!" Nilicheka nao, lakini kofia sikuivua. Jua la huku kwetu milimani halina huruma, hata upepo ukiwa baridi.

Sindano zilifika saba. Kovu halikufutika. Limebaki alama bapa, nyeupe kidogo kuliko uso wangu, laini, haliwashi. Daktari alilipapasa kwa kidole gumba, akaniambia nirudi tu likianza kuinuka.

Nilitoka hapo nikapitia sokoni kununua dagaa. Muuzaji alinikazia macho usoni.

"Dada, uliungua?"

"Hapana. Niliugua, nikatibiwa."

"Pole," alisema, akaanza kunipimia.