Injekteri za kamyo kwenye jeep ya arusi

Akili yangu sijui niliiacha wapi. Injini ya jeep ya baba mukwe ni ya zamani, nami fundi nilikuwa nimeifungia turbo. Halafu nikaichagulia injekteri kubwa kupita kiasi, za kamyo ya mizigo, eti inyunyiziwe mazuti mengi, yaani dizeli, ipande mlima kwa nguvu. Kurekebisha pampu, sikurekebisha.

Jumamosi jeep ikambeba shemeji yangu, bibi arusi. Kwenye mwinuko wa kwanza ikatoa moshi mweusi, na upepo ukaurudisha wote ndani. Tulifika kanisani gauni jeupe limekuwa rangi ya lava iliyopoa.

"Hii moshi inatoka wapi?" mama mukwe akauliza.

"Mazuti ya siku hizi ni mubaya, mama. Wanaichanganyaka."

Bibi arusi akapangusa masizi machoni.

"Shemeji, si ulituambia asubuhi uliweka injekteri za kamyo?"