Kitambi cha Baba Mdogo

Nina shahada mbili, na bado nilisoma nusu tu ya makala moja ya tiba kwenye simu. Kano la kisigino changu lilikuwa limeumia, na harusi ya binti yangu ilikuwa mwezi ujao. Nilitaka kumsindikiza hadi madhabahuni bila kuchechemea. Makala ilisema wataalamu huchota mafuta ya mwilini, hutenga humo seli shina, kisha huzidunga kwenye kano lililoumia. Hapo nikaweka simu chini na kuitisha kikao cha ukoo kule Ijumbi.

"Tumezoea kuchangia damu," niliwaambia. "Safari hii tunachangia mafuta."

Ndugu zangu ni wakulima, wembamba wote. Macho yakamgeukia baba mdogo, mchuuzi wa samaki kutoka Bumbire.

"Mwanangu, haya ni yako," alisema akipapasa kitambi. "Ila yasipungue kabla ya siku."

Wiki mbili nilimlisha kwangu Kibeta: ndizi, mbuzi, panzi wa kukaanga tunaowaita senene. Hata kutembea hadi barabarani nilimkataza.

Katika kliniki mjini Bukoba, alivua shati kabla ya kuulizwa. Daktari, binti mdogo, alisikiliza maelezo yangu marefu hadi mwisho.

"Mzee, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "tiba hiyo bado inachunguzwa, hapa hatuitoi. Nitakupa mazoezi. Na hata huko inakofanyika, mafuta huwa ya mgonjwa mwenyewe."

Akanitazama tumboni. Baba mdogo naye akanitazama papo hapo, shati mkononi.

"Kumbe kitambi chako unacho," alisema polepole, "na umenivua nguo mbele ya mtoto wa watu?"