Shikamoo ya Mashine

Miaka ya themanini, kwenye baraza letu la sataranji pale Kahama, nguvu ya mchezaji ilipimwa kwa shikamoo. Ukifungwa, unamwamkia aliyekufunga, hata kama ni mdogo wako. Kanuni hiyo aliitunga mwenye baraza, mzee mmoja fundi cherehani, kwa sababu yeye alikuwa hafungwi. Mimi niliwaamkia wote. Yeye nilimwamkia kwa unyenyekevu wa ziada, maana nilikuwa nimepeleka posa kwa binti yake na jibu lilikuwa halijatoka.

Siku moja mtafiti wa madini aliyepiga kambi Buzwagi akatuletea mashine inayocheza sataranji. Ikishaamua, inawasha taa na kulia "pip", kete unaisogezea wewe. Kwenye boksi paliandikwa namba ya nguvu zake.

"Namba hii imetoka wapi?" mzee akauliza.

"Imechezeshwa na watu wenye namba zao, ikaangaliwa imemfunga nani na nani kaifunga."

"Watu hao sisi hatuwajui. Ipimwe hapa."

Wakaanza na mimi, mnyonge wao. Mtafiti akaiweka ngazi ya chini kabisa, nikaifunga, nikaringa wee! Mzee akaidharau ngazi hiyo. "Mimi niwekeeni ya juu." Wakamwekea. Akafungwa hata chai haijapoa.

Muuza mchele wa Kagongwa, aliyekuwa amechoka kumwamkia, akaruka. "Mashine imemfunga mzee, na huyu kijana kaifunga mashine. Shikamoo ni ya kijana!"

"Mimi nilicheza ngazi ya chini!" nikapiga kelele. Sijawahi kukataa heshima kwa nguvu namna ile.

"Bebe," muuza mchele akanigeukia kwa Kisukuma, yaani wewe, "kwani mashine ziko mbili?"

Mzee akasimama, akanyoosha kanzu yake. "Kanuni niliitunga mwenyewe," akasema, akanitazama usoni. "Shikamoo."

Nikiitikia marahaba, binti nimemkosa. Nikikaa kimya, nimemdharau baba yake mbele za watu. Nikaiangalia ile mashine, chanzo cha balaa lote.

"Pip," nikasema.

Wakacheka hadi mtafiti akamwaga chai. Mzee hakucheka. Akarudi kwenye cherehani yake, akavaa miwani, akatafuta tundu la sindano.

"Na huyu ndiye anataka kunizalia wajukuu," akanung'unika. "Haya, kawaambie wazee wako waje."