Baruti ya Kopo Gani?

Mume wangu aliondoka na bunduki kwenda uwanja wa shabaha, akarudi mikono mitupu. Risasi ilikuwa imekwama ndani ya mtutu, na bunduki ilibidi iachwe kwa fundi. Alisimama mlangoni na viatu vyake, akililaani duka lililomuuzia baruti. Nilimwambia avue viatu kwanza, ndiyo kwanza nimetoka kupiga deki. Mimi nikiingiwa na hofu, mdomo wangu hukimbilia usafi.

Aliyemwokoa ni Mzungu mmoja aliyekuwa akipiga shabaha pembeni yake. Alisikia mlio hafifu, puf, akamshika mkono kabla hajafyatua nyingine. Angefyatua, risasi ya pili ingeikuta ya kwanza njiani na mtutu ungempasukia usoni. Haya alinisimulia mume wangu mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeeleza upuuzi wa jirani.

Risasi hizo hakuzinunua. Huzitengeneza mwenyewe, kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu hapa ugenini North York, kila msimu wa kuwinda kulungu unapokaribia. Huokota maganda yaliyokwisha kutumika, akayasafisha, akayatia fataki mpya za kuwashia baruti, akapima baruti kwenye mizani ndogo, akaimimina, kisha akakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Wenzake wananunua za dukani. Yeye ni mtoto wa Tabora, hatupi kitu ambacho bado kina kazi.

Wala simcheki, maana nyumba nzima ndivyo tulivyo. Jikoni kwangu kopo la biskuti lina nyuzi na sindano, la maziwa ya unga lina iliki, la mafuta ya kupikia lina chumvi, na hakuna hata moja lililoandikwa kitu. Binti yetu akija kutoka Richmond Hill hufungua makopo mpaka anachoka kabla hajaiona sukari, huku akininung'unikia kwa Kiingereza. Mwenye jiko anajua. Mama yangu alikuwa hivyo, na mama mkwe hivyo hivyo.

Na baruti aliihamisha vilevile. Alikuwa na aina mbili, moja ya bunduki ya kulungu, nyingine ya bunduki ya bata, kila moja kwenye kopo la majani ya chai, makopo mawili yanayofanana kama pacha. Ya kulungu ilikaa kushoto, ya bata kulia. Kuzichanganya ni kuipasua bunduki, lakini miaka yote hiyo hakuwahi kukosea.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, aliniita chini nikamsaidie. Alikuwa ameamua kubomoa risasi zote za fungu lile aokoe vilivyomo. Ana nyundo maalumu yenye tundu. Unaingiza risasi humo, unagonga sakafuni, mpaka kichwa kinachomoka na baruti inamwagika ndani. Mimi nilikabidhiwa mizani.

Risasi ya kwanza ilikuwa na baruti nusu. Iliyofuata ilikuwa sawa. Nyingine haikuwa na kitu kabisa. Halafu ikaja iliyojaa mpaka shingoni, mara mbili ya inavyotakiwa.

"Mizani hii ina kasoro," alisema.

"Mizani ni ileile, baba watoto."

"Basi ni lile duka."

Duka haliwezi kumimina baruti mara mbili kwenye ganda moja. Anayeweza ni mtu aliyemimina, akasahau kwamba amemimina. Niliyaona hayo wazi, pale pale, na sikuyasema. Niliendelea kusoma mizani kana kwamba nasoma bei ya nyanya.

Tulikuwa na bakuli tatu, moja ya maganda, moja ya vichwa, moja ya baruti. Maganda na vichwa sikuwa na ugomvi navyo. Nilimuuliza baruti anaipeleka wapi.

"Narudisha kwenye kopo."

"Kopo lipi?"

Akanyoosha mkono kushoto, akausitisha. Akautazama upande wa kulia. Akayashusha makopo yote mawili, akayafungua, akanusa, akasugua punje kidogo kwa vidole. Kisha akanisogezea.

"Hebu tazama wewe. Hii ni ipi?"

Mimi! Mimi ambaye naziona zote nyeusi tu. Katika ndoa yetu yote hajawahi kuniuliza lolote kuhusu bunduki.

"Sijui," nilimwambia.

"Lakini ni nzima. Haijaingia unyevu. Kuimwaga ni kufuru."

"Na kama umechanganya?"

Aliyafunika makopo yote mawili. Halafu akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza, "Unasemaje, mama watoto? Ukisema tumwage, tutamwaga."

Nilitamani akatae. Nilitamani anifokee kwamba wanawake hawajui baruti, kama alivyokuwa akifanya zamani, nami nimjibu, tugombane tupande juu tule. Kusema tumwage baruti kulikuwa rahisi. Nyuma yake kulikuwa na neno jingine, kwamba siiamini tena mikono yake, na hilo sikuwa na mdomo wa kulisema.

"Tumwage," nilisema.

"Na vilivyobaki?"

"Navyo tuviondoe."

Akaitikia kwa kichwa. Alibeba makopo mwenyewe, akaitawanya baruti yote kwenye bustani ya maua, kidogo kidogo, akiinama. Maganda, fataki na vichwa tuliwapelekea wenye uwanja wa shabaha. Akamwambia yule Mzungu kwamba ameamua kupumzika, wakapeana mikono. Nilimwonea fahari. Nikajidanganya kwamba limekwisha.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nakaanga maandazi alipopanda kutoka chini.

"Mama watoto, makopo yangu ya baruti yako wapi? Na risasi sizioni."

Nilidhani ananitania, nikageuka kucheka. Hakuwa anatania.

"Si tuli..." nilianza. Hapo nikaona uso wake unavyobadilika, woga unavyompanda, jicho linavyotafuta kitu kichwani na kukikosa.

"Nimetupa," nilisema. "Mimi."

"Bila kuniuliza?"

"Bila kukuuliza."

Alinifokea kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Akampigia binti yetu simu kunishtaki, na binti akanipigia mimi, kwa Kiingereza chake, kuniuliza nimewezaje kumfanyia baba hivyo. Nilimjibu kwamba nimechoka na uchafu wa kule chini. Maandazi hakuyagusa.

Asubuhi alishuka chini akipiga mluzi. Baada ya muda akapanda, akasimama mlango wa jikoni, akaniuliza makopo yake ya baruti yako wapi. Nikamwambia nimetupa mimi, bila kumuuliza, na akanikasirikia upya.